Punguzo la Asiyedai

Mkokoteni ulitoka upande wa Bondeni
na magunia manane ya viazi, lumbesa tupu,
na kijana aliyeuvuta alikuwa akitazama miguu yake.
Msumari wa ubavuni ukachora mstari
kwenye mlango wa nyuma wa Fielder yangu,
kutoka kitasani hadi juu ya gurudumu,
mstari ulionyooka kuliko mwandiko wangu ubaoni.

"Pole, mzee."
Nikazitazama ndara zake,
moja ya buluu, moja ya kijani,
nikajua hapa hakuna wa kulipa.

Arusei, wakala wa bima, ana ofisi ghorofani
juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe.
Akavuta kiti, akavuta na kikokotoo.
"Mwalimu, gari lako lina thamani ya laki sita u nusu.
Asilimia nne: elfu ishirini na sita kwa mwaka.
Lakini wewe hulipi hizo. Wewe hujawahi kudai.
Mwaka wa kwanza tulikupunguzia kumi kwa mia,
wa pili ishirini, tukapanda hivyo hivyo,
leo unalipa nusu. Kumi na tatu tu!"

"Na huu mkwaruzo?"
"Fundi amesema ngapi?"
"Kumi na nane, pamoja na kunyoosha bati."
"Basi kumi na tano za kwanza ni zako, ndivyo mkataba.
Sisi tungekupa tatu.
Na mwakani unarudi chini ya ngazi,
unalipa ishirini na sita kama mgeni.
Piga hesabu mwenyewe."

Nami nafundisha hesabu.
"Lakini sikumgonga mtu, Arusei. Nilikuwa nimesimama."
"Bima haiulizi nani alikosa, Mwalimu.
Inauliza nani alilipwa."

Fundi Odera akaziba, akasugua, akapuliza rangi.
"Nyeupe ina ndugu wengi," alisema,
"na hawafanani."
Kweli. Ukisimama juani
mlango ule una manjano kidogo,
kama jino la mvuta sigara.

Nikaendesha hadi Njoro, nikazima gari getini,
nikakaa humo na risiti mapajani.
Kumi na nane zimetoka mfukoni mwangu
ili nibaki na jina la mtu asiyedai.
Jina hilo lina bei, na bei yake nimeiona imepigwa chapa.

Ndipo nikamkumbuka Wamaitha.

Shamba la baba lilipogawanywa, mwaka wa tisa sasa,
alikaa kwenye ukingo wa benchi
na mkoba wake magotini kama mtu anayengoja basi.
Naibu wa chifu akauliza, "Na wewe, mama?"
Dada yangu akasema, "Sina dai."
Likaandikwa. Akatia sahihi.
Mimi nikapata ekari mbili na nusu za kando ya barabara.

Miaka tisa hajadai.
Hajadai mahindi, hajadai kodi ya kile kibanda,
hakudai hata mwaka ule mumewe alipolazwa
na mimi nikatuma elfu mbili na maneno mengi.
Kila Desemba nampelekea Subukia gunia moja la viazi.
Nauli ya gunia hulipa yeye.

Nikajaribu kuitafuta ngazi yake:
kumi kwa mia, ishirini, thelathini.
Haipo.
Kila mwaka aliponyamaza, aliyepunguziwa ni mimi.

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku la vyeti,
nikampigia.
Kabla salamu hazijaisha akauliza,
"Gari limepona?"
Nikasema limepona.
Nikasema, "Wamaitha, ile karatasi ya chifu
ninayo mkononi. Nataka uje tuisome tena."

Cherehani yake iliendelea kidogo,
mishono mitatu, minne,
kisha ikasimama.